Mkono wa Kushoto Mezani



Juma lililopita, mara baada ya Misa ya asubuhi, mzee mmoja wa hapa Babati aliingia ofisini kwangu, akaweka fimbo yake ukutani, akaketi bila kungoja kukaribishwa. Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikadhani amekuja kuandikisha ndoa au ubatizo, nikavuta daftari.

"Acha daftari," akasema. "Nimekuja kwa habari ya mjukuu wangu."

Mjukuu wake ni kijana wa miaka kumi na minne. Kila Jumamosi huja katika ukumbi wa parokia kucheza mpira wa meza pamoja na vijana wenzake. Mzee hakukataa mchezo. Alichokataa ni kwamba kijana anacheza kwa mkono wa kushoto.

"Nyumbani tumemwachisha mkono huo kwa taabu tangu angali mdogo," akasema. "Sasa nyinyi huko ukumbini mnamrudisha. Anayecheza kwa kushoto leo, kesho atakula kwa kushoto, na keshokutwa atampa mkubwa wake mkono wa kushoto. Na wewe karani unayasoma Maandiko. Je, siku ya hukumu mbuzi watawekwa upande gani?"

Nikajibu, "Kushoto, mzee."

"Basi," akasema. Akataka kijana apewe kibao kwa mkono wa kuume, ama aondolewe kabisa kabla ya Jumamosi, siku ambayo vijana wa parokia jirani walikuwa waje kushindana na wetu wawili kwa wawili. Nilimwomba siku tatu za kufikiri. Jibu nililompa ndilo ninaloliandika hapa leo, kwa kuwa najua yeye si babu wa pekee mwenye shaka hiyo.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajauona. Meza ya mchezo huu ina urefu wa sentimita 274, upana wa sentimita 152 na nusu, na kimo cha sentimita 76 kutoka chini. Katikati umefungwa wavu wenye kimo cha sentimita 15 na robo. Mpira wake ni mdogo na mwepesi sana, hata gramu tatu haufiki. Mwenye kufikisha pointi 11 kwanza ameshinda seti, ila sharti amzidi mwenzake kwa pointi mbili. Meza yetu hapa parokiani ilitengenezwa na fundi seremala kwa mbao za kawaida, nayo yatutosha.

Ukicheza mmoja kwa mmoja, wajitegemea mwenyewe. Lakini wakicheza wawili kwa wawili, iko sheria moja inayogeuza mambo yote: wenzi sharti wapokezane. Nikipiga mimi, mpira ukirudi atapiga mwenzangu. Ukirudi tena ni zamu yangu. Hata mpira ukija mbele ya pua yangu, kama zamu si yangu, siruhusiwi kuupiga. Nikiupiga tumepoteza pointi. Ndiyo maana mtu hodari akishirikiana na mtu asiyejali zamu, wote wawili hushindwa na watu wa kiasi wanaosikilizana.

Sisi watu wa Manyara tumezoea zaidi sifa za mtu mmoja mmoja. Kila mtoto wa hapa amesikia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, lakini akamaliza. Huo ni ushujaa wa mtu aliye peke yake barabarani. Mpira wa meza wa wawili wataka ushujaa wa namna nyingine, yaani kumpisha mwenzako kila baada ya pigo moja. Nchi yetu nayo imepeleka wachezaji wa mchezo huu ugenini. Walikuwako katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow mwaka 2014, na huko Gold Coast, Australia, mwaka 2018. Kwa hiyo si mchezo wa kigeni kwetu, ingawa huku kwetu meza bado ni chache.

Sasa nije kwenye mkono wa kushoto.

Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1988, huko Seoul, nchi ya Korea Kusini. Tangu mwaka ule mpaka mwaka 2004 kulikuwa na nishani ya wanaume wawili kwa wawili. Mashindano hayo yalifanyika mara tano, na mara zote tano dhahabu ilichukuliwa na Wachina. Jambo hilo wengi walijua. Lakini tazama mikono yao.

Mwaka 1988 walishinda Chen Longcan na Wei Qingguang. Chen alitumia mkono wa kuume, Wei wa kushoto. Mwaka 1992, huko Barcelona, walishinda Lu Lin na Wang Tao. Lu wa kuume, Wang wa kushoto. Mwaka 2000, huko Sydney, walishinda Wang Liqin na Yan Sen. Wang wa kuume, Yan wa kushoto. Mwaka 2004, huko Athens, walishinda Ma Lin na Chen Qi. Ma wa kuume, Chen wa kushoto. Mara nne kati ya tano!

Wala si Wachina peke yao. Mwaka 1988 walioshindwa katika mchezo wa mwisho walikuwa Ilija Lupulesku na Zoran Primorac wa Yugoslavia, na Lupulesku alitumia kushoto. Mwaka 1992 walioshindwa walikuwa Wajerumani, Steffen Fetzner na Jörg Rosskopf, na Rosskopf alitumia kushoto. Mwaka 2004 walioshindwa walikuwa Ko Lai Chak na Li Ching wa Hong Kong, na Ko alitumia kushoto. Maana yake ni kwamba mara tatu, siku ya mchezo wa mwisho, kila upande wa meza ulikuwa na mtu mmoja wa kuume na mmoja wa kushoto. Yasemwa kwamba katika watu kumi, mmoja tu ndiye hutumia kushoto. Basi hao hawakukutana mezani kwa bahati. Walitafutwa.

Kwa nini wakatafutwa? Sababu yake ni nyepesi, hata mtoto aweza kuiona akisimama mbele ya meza. Mtu wa mkono wa kuume hupenda kusimama upande wa kushoto wa meza, ili mkono wake wenye nguvu upate nafasi katikati. Mtu wa kushoto hupenda upande wa kuume, kwa sababu iyo hiyo. Waweke pamoja, na kila mmoja ana mahali pake. Mmoja akipiga hujitoa hatua moja pembeni, mwenzake akaingia, na hakuna aliyemkanyaga mwingine. Lakini wawili wa mkono wa kuume wote hupenda kusimama mahali pamoja. Mmoja akisha kupiga hana budi kurudi nyuma na kuzunguka, ili mwenzake apite. Wakichelewa kidogo hugongana mabega, na mpira huwa umekwisha kupita.

Kwa hiyo mkono ambao sisi huuona kuwa kosa, mezani ni sehemu iliyopungua. Mikono miwili inayofanana hugombea nafasi. Mikono inayotofautiana hugawana nafasi.

Walakini sitaki kumdanganya msomaji. Mkono wa kushoto si uganga. Mwaka 1996, huko Atlanta, walishinda Kong Linghui na Liu Guoliang, nao wote wawili ni wa mkono wa kuume. Tena waliowashinda katika mchezo wa mwisho walikuwa Lu Lin na Wang Tao, wale wale wa Barcelona. Vivyo hivyo katika Jumuiya ya Madola, mwaka 2018 na tena mwaka 2022 huko Birmingham, Waingereza Paul Drinkhall na Liam Pitchford walichukua dhahabu, na wote wawili hutumia mkono wa kuume. Mara zote mbili waliwashinda Wahindi wale wale, Achanta Sharath Kamal na Sathiyan Gnanasekaran. Mazoezi na kuelewana huweza kuziba pengo. Lakini pengo lipo, na aliyelizaliwa nalo jibu lake mkononi, kwa nini tumfunge mkono?

Baada ya mwaka 2004 mashindano hayo ya wawili yaliondolewa katika Olimpiki, na mwaka 2008 yakawekwa mashindano ya timu mahali pake. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa kwa ajili ya maradhi ya korona, yaliingizwa mashindano ya mwanamume na mwanamke pamoja. Washindi wa kwanza walikuwa Wajapani, Mizutani Jun na Ito Mima. Mizutani hutumia mkono gani? Wa kushoto. Na katika mwaka 2025 iliamuliwa kwamba wanaume wawili kwa wawili, na wanawake vilevile, warudishwe katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Kijana aliye na miaka kumi na minne leo angali na wakati.

Lakini mzee wangu hakuniuliza habari za Olimpiki. Aliniuliza habari za mbuzi. Basi nilifungua Maandiko, si kwa kubishana naye, bali kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, mbuzi wanawekwa kushoto, ni kweli. Lakini soma mpaka mwisho. Waliohukumiwa pale hawakuulizwa walikula kwa mkono gani. Waliulizwa kama walimlisha mwenye njaa, kama walimvika aliye uchi, kama walimtembelea mgonjwa. Mtu aweza kumnyima maskini chakula kwa mkono wa kuume, na mwingine akampa kwa mkono wa kushoto.

Tena soma kitabu cha Waamuzi, sura ya 3. Wana wa Israeli walipomlilia Mungu, aliwainulia mwokozi, Ehudi, mtu wa mkono wa kushoto. Katika sura ya 20 ya kitabu hicho wanatajwa watu mia saba wa mkono wa kushoto, waliojua kulenga kwa kombeo bila kukosa. Na ajabu ni hii: Ehudi na wale mia saba wote walikuwa wa kabila la Benyamini, na jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume. Mungu hakuona haya kuwaweka watu wa kushoto katika nyumba ya mkono wa kuume.

Hapa yanipasa kukiri jambo langu mwenyewe, maana si haki kumfundisha mzee huku nikificha kosa langu.

Kabla ya kuwa karani nilisoma chuo cha ualimu. Nilipopelekwa katika shule moja kwa mazoezi ya kufundisha, nilipewa darasa la pili. Palikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyeandika kwa kushoto. Aliandika vizuri, si mbaya kuliko wenzake. Lakini mimi nilitaka darasa lenye mikono yote upande mmoja, kama askari katika gwaride. Kila nilipopita nilimtoa penseli mkono wa kushoto, nikaitia katika mkono wa kuume. Sikumpiga. Nilifanya kwa upole, na kwa upole huo nilijiona mwalimu mwema.

Katika juma la kwanza herufi zake zikaharibika. Katika juma la pili akaanza kukaa bila kuandika, akingoja wenzake wamalize. Katika juma la tatu hakunyosha tena mkono kujibu swali, wala wa kuume wala wa kushoto. Siku mkaguzi wangu alipokuja, darasa lilikuwa na utaratibu mzuri, naye akanipa alama nzuri. Nilirudi chuoni nikifurahi. Mtoto yule nilimwacha kimya pale pale nilipomnyamazisha, na mpaka leo sijui yuko wapi. Nikiona kijana ameshika kibao kwa kushoto ukumbini, humkumbuka yeye.

Basi siku ya tatu sikumwita mzee ofisini. Nilimwendea nyumbani, maana mtu mkubwa hapewi jibu kwa kuitwa. Nikamweleza yote haya, na habari ya mtoto wa darasa la pili pia. Alisikiliza akitazama ardhi. Mwisho akauliza, "Na adabu je?"

Swali hilo ni kubwa, ndugu msomaji, tusilipite. Sisi hula kwa mkono wa kuume katika sinia moja, hupokea kitu kwa mkubwa kwa mkono wa kuume au kwa mikono miwili, na husalimiana kwa mkono wa kuume. Hiyo ni lugha yetu ya heshima. Mtoto asiyeifahamu atawaumiza wengine bila kukusudia, naye atatukanwa bila kujua sababu. Kwa hiyo sikumwambia mzee aiache. Nilimwambia hivi: adabu ni ya mezani kwa chakula na mbele ya wakubwa, nayo mtoto aweza kujifunza, hata wa kushoto. Lakini kalamu, sindano, nyundo, jembe na kibao cha mpira ni kazi. Katika kazi, kila mtu atumie mkono aliopewa. Seremala hamwulizi msumeno wake kama una adabu; hutaka ukate.

Mzee akasema tu, "Nitakuja Jumamosi nione."

Akaja. Akaketi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Mjukuu wake alipomwona, kibao kilimtetemeka, na pointi tatu za kwanza zikapotea. Mwenzake, kijana wa mkono wa kuume, akamgusa bega, akasimama upande wake wa kushoto wa meza, akangoja. Ndipo wakaanza kucheza. Huyu anaingia, yule anatoka. Huyu anaingia, yule anatoka. Wala hawakugongana hata mara moja. Vijana wa parokia jirani, wote wa mkono wa kuume, walikuwa hodari kuliko wetu na wakubwa kwa umri, lakini mara kadha waligongana, na watu wakacheka.

Ningependa kuwaambieni kwamba wetu walishinda. Hawakushinda. Walichukua seti ya pili, wakashindwa tatu kwa moja. Mpira wa mwisho ulizama katika wavu.

Watu walipotoka, mzee aliniuliza, "Huo wa mwisho aliuharibu nani?"

"Ni mwenzake, mzee. Yule wa mkono wa kuume."

Akacheka kidogo, akachukua fimbo yake. Kisha akamwita mjukuu wake, na kijana akaja mbio, akampa babu yake mkono wa kuume kwa heshima, huku kibao kimebaki katika kushoto. Mzee akautazama mkono mmoja, kisha akautazama wa pili.

"Twende nyumbani," akasema. "Ukila, ula kwa huu. Huo mwingine uje nao Jumamosi."

Basi, ndugu wazazi, na ninyi walimu wenzangu wa zamani, kama nyumbani au darasani mwenu yuko mtoto wa kushoto, mfundisheni kusalimu na kula kama desturi yetu ilivyo, kwa uvumilivu. Kisha mwacheni aandike, ashone, apige msumari na kucheza kwa mkono wake. Asitetemeke kila atuonapo. Na kama mna meza ya mpira, mpeni mwenzi wa mkono wa kuume, mkae karibu na mlango, mtazame.

Mungu awabariki. Tukijaliwa, tuonane juma lijalo.